Kukarabati jiko la nyumba ya zamani mwambao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu majiko ya nyumba kongwe za mwambao: nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu, Mombasa na Bagamoyo, nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na jiko uani, na nyumba za tofali za saruji zilizojengwa kuanzia miaka ya 1960. Mengi yaliyomo yanafaa hata bara, ila suala la chumvi na unyevu ni la mwambao zaidi.

## Kabla ya kubomoa chochote

Nianzie wapi?

Anza na unyevu, maji na umeme. Makabati yaje mwisho kabisa. Watu wengi hufanya kinyume: huona kabati dukani, hulipia, kisha humwita fundi alifunge kwenye ukuta ambao bado unatoka jasho. Baada ya masika mawili kabati limevimba, lipu imebanduka nyuma yake, na bomba lililooza halifikiki mpaka kila kitu king'olewe.

Mpangilio unaofaa ni huu: ziba maji yanayoingia kutoka nje na juu (paa, uani, choo cha jirani), bomoa, pitisha mabomba ya maji safi na maji machafu, pitisha paipu za nyaya, piga lipu na uiache ikauke, weka sakafu, jenga kaunta, bandika vigae vya ukutani, paka rangi, na hapo ndipo makabati, sinki, soketi na taa vifungwe. Kila hatua ikirukwa, inayofuata hubomolewa.

Nitajuaje ukuta wangu ni wa nini?

Pima unene wake mlangoni au dirishani. Ukuta wa sentimita 45 hadi 60 kwa kawaida ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Wa sentimita 15 hadi 25, pamoja na lipu, ni wa tofali za saruji. Nyumba ya fito na udongo iliyopigwa lipu juu hudanganya macho, kwa hiyo gonga kwa kifundo cha kidole sehemu kadhaa: palipo na mlio mtupu, kwaruza lipu kidogo kwa tindo mahali pasipoonekana. Ukikuta udongo mwekundu na mti, umeshajua.

Usiruke hatua hii. Karibu kila jibu linalofuata linategemea aina ya ukuta, na dawa ya ukuta mmoja huua mwingine.

Je, nahitaji kibali?

Kubadilisha sinki, vigae na makabati kwa kawaida hakuhitaji kibali. Kuvunja ukuta, kufungua dirisha jipya, kuongeza chumba uani au kugusa paa kunahitaji. Tanzania Bara unaanzia halmashauri yako. Kenya unaanzia serikali ya kaunti.

Miji ya urithi ina masharti ya ziada. Mji Mkongwe wa Unguja uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Unguja, ombi hupitia Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, na wataalamu wake watataka kujua unatumia chokaa au saruji. Nenda na picha na mchoro wa mkono wenye vipimo. Kuwauliza mapema ni nafuu kuliko kuamriwa kubomoa.

Nianze mwezi gani?

Juni au Julai, masika yakishakwisha na upepo wa kusi ukivuma. Lipu hukauka vizuri na ukuta ulioloa una miezi ya kupumua kabla ya vuli. Kupiga lipu mwezi Aprili ni kujitafutia fangasi.

Angalia pia kalenda ya nyumba. Jiko lililobomolewa wakati wa Ramadhani, au wiki mbili kabla ya harusi ya ukoo, litakufanya umharakishe fundi, na haraka hiyo huishia kwenye lipu mbichi iliyopakwa rangi. Jiko la kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 katika nyumba ya tofali. Katika nyumba ya mawe, weka wiki 8 hadi 12, kwa sababu chokaa haikimbizwi.

Nitenge akiba kiasi gani?

Asilimia 20 juu ya makadirio ya fundi kwa nyumba ya tofali, na si chini ya 30 kwa nyumba ya mawe au ya udongo. Fedha hiyo itakwenda chini ya sakafu na ndani ya kuta, mahali ambapo hakuna mgeni atakayepasifia.

## Kuta, unyevu na chumvi

Kwa nini lipu ya saruji inabanduka kwenye ukuta wa mawe, hata fundi akiipiga vizuri?

Kwa sababu ukuta huo umejengwa kupumua. Mawe ya matumbawe yana vitundu, na kiungo chake ni chokaa na mchanga, mara nyingi pamoja na udongo mwekundu. Maji hupanda kutoka ardhini na mvuke huingia kutoka jikoni, kisha vyote hutoka taratibu kupitia uso wa ukuta. Lipu ya chokaa inaruhusu safari hiyo. Saruji inaizuia.

Maji yakizuiwa hayatoweki. Hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, yakiwa yamebeba chumvi. Maji yanapokauka nyuma ya saruji, chumvi huganda, hutanuka na kusukuma lipu. Ndiyo maana lipu hubanduka kama bamba zima, na ukiligeuza utakuta unga mweupe na vipande vya jiwe vilivyong'oka nalo. Saruji ni ngumu kuliko jiwe, hivyo jiwe ndilo linalolika. Kurudia saruji nzito zaidi kunaongeza tatizo. Ukutani kwenye boriti hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa unyevu uliofungiwa huozesha vichwa vya miti (tazama sehemu ya dari).

Dawa ni kubandua saruji yote kwa tindo na nyundo nyepesi. Mashine ya kutetemesha isitumike. Pigilia brashi kavu kuondoa unga wa chumvi. Usiuoshe kwa maji, maana maji huirudisha ndani. Acha ukuta wazi kwa wiki kadhaa, ukiupiga brashi kila chumvi inapotokea, kisha piga lipu ya chokaa.

Lipu ya chokaa inapigwaje?

Chokaa iliyochomwa huzimwa kwenye maji na kulowekwa pipani. Mwezi mmoja ni kiwango cha chini, miezi mitatu ni bora. Wakati wa kuizima, weka maji kwanza kisha tia chokaa kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya chokaa huchemka na kuruka machoni. Miwani na glavu ni lazima, na watoto wasiwe karibu.

Changanya chokaa laini iliyokwisha lowekwa sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3. Mchanga uwe mkali, uliochekechwa, na usitoke ufukweni: mchanga wa bahari huleta chumvi ileile unayoikimbia. Nyunyizia ukuta maji mpaka jiwe liache kunywa, halafu piga tabaka la sentimita 1, si zaidi. Tabaka nene hupasuka. Likwaruze kabla halijakakamaa ili la pili lishike, subiri wiki moja hivi, kisha piga la pili. Tabaka la mwisho ni jembamba, lisuguliwe kwa mwiko wa mbao.

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: jua na upepo wa mwambao hukausha chokaa kabla haijashika. Tundika magunia yenye unyevu mbele ya ukuta na uyanyunyizie asubuhi na jioni kwa siku 3 hadi 7. Ukiona nyufa nyembamba kama utando wa buibui siku ya pili, imekauka upesi. Lowesha na uisugue tena kabla haijawa ngumu.

Malizia kwa rangi ya chokaa. Rangi ya mafuta au ya plastiki huufunga ukuta tena na kazi yote inakuwa bure.

Nyumba yangu ni ya tofali, na rangi inavimba futi mbili za chini. Tatizo ni nini?

Kuna vyanzo vitatu vikubwa, na kila kimoja kina alama yake. Mstari wa unyevu ulionyooka kuzunguka chumba chote, usiovuka mita 1 hivi, ni maji ya ardhini: nyumba haikuwekewa karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, au uwanja wa nje umepanda kwa miaka ya kumwaga kifusi na zege mpaka umefunika msingi. Doa la duara linalokua ni bomba linalovuja ndani ya ukuta. Doa linaloonekana siku za mvua tu ni maji ya paa yanayopiga ukuta kwa nje.

Kwa la kwanza, anza nje: shusha kiwango cha uwanja kiwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, na uache mteremko unaopeleka maji mbali na ukuta. Kwa la pili, funga koki zote na utazame mita ya maji kwa nusu saa; ikisogea, kuna bomba linalovuja. Baada ya kuziba chanzo, bandua lipu mpaka sentimita 30 juu ya mstari wa unyevu, acha ukuta ukauke, kisha piga lipu mpya ya saruji 1 kwa mchanga 5.

Kupaka rangi ya kuzuia maji kwa ndani bila kuziba chanzo kunaficha doa kwa msimu mmoja tu.

Naweza kuvunja ukuta ili jiko liungane na sebule?

Katika nyumba ya mawe, chukulia kila ukuta umebeba mzigo mpaka mtaalamu athibitishe vinginevyo. Boriti za mikoko ni fupi, ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, karibu mita 2.5 hadi 3. Tazama juu: ukuta ambao boriti zimeulalia haugusiki. Hata usiobeba boriti huwa unashikilia kuta ndefu zisipinde.

Katika nyumba ya tofali, upenyo wa mita 1.2 unawezekana kwa lenta ya zege yenye nondo, inayolalia angalau sentimita 20 kila upande. Juu yake kuwe kumeshikiliwa kwa mirunda kabla ya tofali la kwanza kutolewa. Kukiwa na ghorofa juu, mwite mhandisi.

Mara nyingi dirisha la kupitishia vyakula, la upana wa mita 1, linatosha. Harufu ya samaki wa kukaanga haitalala kwenye makochi.

## Dari na boriti

Nitajuaje kama boriti bado ni nzima?

Mikoko hustahimili mchwa kuliko miti mingi, lakini haistahimili maji ya kudumu. Mahali pa kupima ni vichwani, pale boriti inapoingia ukutani. Choma kwa bisibisi: ikizama zaidi ya sentimita 1 bila nguvu, mti umeoza. Gonga pia katikati; mlio mzito na mkavu ni mzuri, mlio wa bufuu ni dalili ya uwazi ndani. Angalia vijifereji vya udongo wa mchwa vinavyopanda ukutani kuelekea kichwa cha boriti.

Boriti moja mbovu hubadilishwa baada ya kuegemeza zile za kando. Mbovu tatu zikifuatana, ondoa watu chumba cha juu na umwite fundi anayejua nyumba za mawe.

Naweza kuweka silingi bodi kuficha boriti?

Tunashauri usifanye hivyo jikoni. Mvuke hunasa katikati, panya huhamia, na kuvuja kwa paa hakuonekani mpaka boriti iwe imeoza. Zipake chokaa na uziache wazi. Kama unahitaji taa, pitisha waya kwenye paipu inayoonekana, iliyofungwa kwa vibano.

Tenki la maji liwekwe wapi?

Si juu ya paa bapa la nyumba ya mawe. Tenki la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja. Jenga mnara wa chuma au wa zege uani, wenye msingi wake.

## Maji safi na maji machafu

Mabomba ya chuma ya zamani yaachwe au yabadilishwe?

Yabadilishwe yote, hata yasiyovuja. Huota kutu kwa ndani, na bomba la nusu inchi hubaki na tundu la penseli. Ukibadilisha kipande, kutu inayotikisika huziba koki mpya ndani ya wiki, na maungio ya zamani huanza kuvuja kwa sababu ya kufunguliwa.

Mabomba ya plastiki ya PPR yanafaa zaidi. Huunganishwa kwa mashine ya joto la nyuzi 260 za Selsiasi. Fundi asiye na mashine hiyo asikushawishi kutumia gundi, kwani PPR haishiki gundi. Kabla ukuta haujafunikwa, jaza maji, funga ncha zote na uache usiku kucha. Piga picha kila ukuta ukiwa na futi ya kupimia imeegemezwa kando ya bomba. Utashukuru siku ya kutoboa kwa ajili ya kabati.

Koki ya jikoni inatoa maji kidogo ingawa tenki limejaa. Kwa nini?

Kila mita 1 ya kimo kati ya maji ya tenki na koki hutoa baa 0.1 tu. Tenki lililo mita 2 juu ya koki linatoa baa 0.2, na koki nyingi za kisasa za kuchanganya maji moto na baridi hazifanyi kazi vizuri kwa msukumo huo. Inua tenki, toa laini kuu ya inchi 1 hadi jikoni na upunguze kuwa nusu inchi mwishoni tu, au tumia koki ya kawaida ya kuzungusha. Pampu ndogo ni suluhisho la mwisho, na inahitaji umeme.

Sinki linanuka na maji yanashuka polepole. Nifanyeje?

Harufu hutoka mahali ambapo hakuna maji ya kuziba njia. Chini ya sinki lazima kuwe na kiwiko kinachobaki na maji ya kina cha sentimita 5 hadi 7.5. Majiko mengi ya zamani yana bomba lililonyooka moja kwa moja hadi kwenye chemba. Hilo ndilo lango la harufu na mende.

Maji kushuka polepole husababishwa na mteremko mbaya pamoja na mafuta. Bomba la sinki liwe la inchi 1½ au 2, lenye mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Mteremko ukiwa mdogo, makapi hutulia. Pembe ikiwa kali ya nyuzi 90 chini ya sakafu, hapo ndipo panapoziba. Tumia viwiko viwili vya nyuzi 45, na weka kifuniko cha kuzibulia kila kona.

Kisha kuna tui la nazi, samli na mafuta ya kukaangia. Yakipoa hushikamana na bomba. Jenga chemba ya kunasa mafuta uani, sentimita 60 kwa 60, kina cha sentimita 60: maji huingia juu na kutoka kwa bomba lililopinda chini, mafuta yakibaki yameelea. Yaenguliwe kila wiki mbili. Bila chemba hiyo, shimo la majitaka hujaa mapema, maana mafuta hufunga udongo usinyonye maji.

## Umeme

Wairingi ya zamani inaweza kubeba jiko jipya?

Karibu kila mara haiwezi. Nyumba za miaka ya 1960 na 1970 ziliwekewa taa na soketi moja au mbili. Piga hesabu: birika la wati 2,200 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampia 9.6. Ongeza mikrowevu ya wati 1,200 inayovuta zaidi ya 5, na friji na blenda. Waya wenye gamba la mpira uliokakamaa unapopata joto hilo, gamba hupasuka ukiugusa tu.

Fungua kifuniko cha soketi moja (umeme ukiwa umezimwa kwenye meni swichi) na uhesabu nyaya. Zikiwa mbili tu, nyumba haina athi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini), na sinki la chuma lenye maji karibu na kifaa kibovu ni hatari ya kifo.

Jiko linahitaji saketi ngapi?

Tatu kwa uchache: taa kwa waya wa milimita za mraba 1.5, soketi za kaunta kwa waya wa 2.5 na breka ya ampia 20, na jiko la umeme au oveni kwa waya wa 6 na breka ya ampia 32. Friji ikipata saketi yake ni vizuri, ili breka ya kaunta ikikatika usiku chakula kisiharibike. Juu ya yote kuwe na RCD ya miliampia 30 inayokata umeme unapovuja, na nondo ya athi iliyochimbiwa kwenye udongo wenye unyevu nje.

Soketi zikae angalau sentimita 30 kutoka ukingo wa sinki, na sentimita 15 hivi juu ya kaunta. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni: leseni hutolewa na mamlaka ya udhibiti wa nishati, yaani EWURA kwa Tanzania Bara na EPRA kwa Kenya. Omba kuiona na usome daraja lake.

## Gesi, mkaa na moshi

Mtungi wa gesi uwekwe ndani au nje?

Nje, penye kivuli na hewa, umesimama wima. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa sakafuni na kutulia kwenye mashimo. Usiuweke karibu na chemba, ngazi za kushuka chini au kabatini. Gesi ipite ukutani kwa bomba la shaba lililo ndani ya paipu kubwa zaidi. Mpira wa gesi hauruhusiwi kupita ndani ya ukuta, kwa kuwa panya huutafuna na hutauona.

Mpira wa kuunganisha jiko usizidi mita 1.5, na ubadilishwe ukikakamaa au ukipasuka hata kama tarehe iliyochapwa haijafika. Regyuleta ilingane na vali ya mtungi. Ya kulazimisha ndiyo inayovuja. Jaribu maungio kwa povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi. Ukinusa gesi, funga mtungi, fungua milango, na usiguse swichi yoyote, iwe kuwasha au kuzima.

Niondoe kabisa jiko la mkaa?

Kama nyumba inapika pilau ya watu arobaini, maharage ya saa tatu au mikate ya sinia, acha nafasi ya mkaa, ila uani. Jenga banda lililo wazi pande mbili, paa lenye kimo cha mita 2.4 au zaidi, na kaunta fupi ya zege yenye kimo cha sentimita 45 kwa masufuria makubwa. Weka koki karibu.

Mkaa ndani ya jiko jipya lenye madirisha ya vioo vinavyofungwa ni jambo jingine. Jiko la zamani lilikuwa na matundu ya hewa juu ya ukuta na mlango usiofungwa. Ukiyaziba kwa ajili ya urembo, hewa ya sumu ya mkaa haina pa kutokea, nayo haina harufu. Usizibe matundu hayo. Yawekee wavu wa mbu.

Feni ya kutoa moshi ifungwe wapi?

Juu ya jiko, sentimita 65 hadi 75 kutoka kwenye sahani za gesi, ikitoa hewa nje kwa bomba fupi lililonyooka. Zile zinazochuja na kurudisha hewa ndani hazitoi mvuke, na mvuke ndio adui wa ukuta wa zamani.

## Sakafu, kaunta na makabati

Nahitaji vigae kiasi gani?

Chukua mfano wa jiko la mita 3 kwa 3.6, yaani mita za mraba 10.8. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika: 11.9. Boksi la vigae vya 60 kwa 60 lenye vipande 4 hufunika 1.44, hivyo nunua maboksi 9. Mfuko wa gundi wa kilo 20 hutosha mita za mraba 4 hadi 5, kwa hiyo mifuko 3. Chagua vigae vyenye uso mkavu. Vinavyong'aa huteleza vikidondokewa na mafuta.

Maboksi yote yawe na namba moja ya toleo. Hifadhi vigae 4 vya akiba, kwa sababu baada ya mwaka hutapata rangi ileile.

Ukutani, katika nyumba ya mawe, bandika vigae nyuma ya sinki na jiko tu, kwa kimo cha sentimita 60. Kufunika ukuta wote hadi darini kuna madhara yaleyale ya saruji.

Kaunta ya zege inajengwaje?

Kwa sehemu ya urefu wa mita 3 na kina cha sentimita 60, unene wa sentimita 7.5, mfuko 1 wa saruji wa kilo 50 unatosha, pamoja na toroli 1 la mchanga na 2 za kokoto ndogo. Jenga vikuta vya tofali kila sentimita 90. Weka nondo za milimita 8 kila sentimita 15, urefu na upana, zikiwa zimeinuliwa sentimita 2 kutoka kwenye ubao wa chini kwa vipande vya zege. Acha tundu la sinki kwa fremu ya mbao. Kulikata baadaye kwa grainda hukata nondo. Mwagia maji siku 7, toa mbao siku ya 14.

Kimo cha kaunta kiwe sentimita 85 hadi 90, kikipimwa kwa anayepika: asimame wima, akunje kiwiko, na kaunta iwe sentimita 10 hadi 15 chini yake. Acha njia ya mita 1 mbele, au 1.2 kama wapishi ni wawili. Fikiria pia pa kukalia mbuzi ya kukunia nazi na pa kuweka kinu. Kinu kisitwangwe juu ya vigae. Acha sehemu ya mita 1 ya sakafu ya zege tupu.

Makabati ya mbao gani yanadumu?

MDF (ubao wa unga wa mbao uliobanwa) ya kawaida haifai chini ya sinki. Ikinyonya maji mara moja hairudi. Mninga, mkongo au plaiwudi ya kustahimili maji ni bora, na alumini ni chaguo zuri palipo na mchwa. Yote yakae kwenye miguu ya sentimita 10, yakiachana na ukuta kwa sentimita 2 ili hewa ipite. Bawaba na skrubu ziwe za chuma kisichoota kutu. Hewa ya bahari hula za kawaida upesi.

Katika ukuta wa mawe usitundike makabati mazito kwa plagi za plastiki, zinazochomoka na unga wa chokaa. Tumia rafu zilizo ndani ya ukuta kama zipo. Unene wa sentimita 50 una nafasi ya kutosha, na waliojenga nyumba hizo waliitumia.

## Hali za pekee

Nyumba ni ya urithi na haijagawanywa. Naweza kukarabati?

Pata kwanza ridhaa ya warithi wote kwa maandishi, hata ya anayeishi Maskati au London. Andika nani anatoa fedha, na kama ni zawadi kwa nyumba au zitarudishwa wakati wa mgao. Kama nyumba ni wakfu, anayesimamia wakfu ndiye wa kuulizwa, si anayeishi humo.

Mimi niko ng'ambo. Nitasimamiaje?

Lipa kwa hatua zilizokamilika na kuonekana: mabomba yaliyojazwa maji, nyaya kabla ya lipu, lipu iliyokauka. Dai video ya kila hatua ikiwa na futi ya kupimia ndani ya picha, na kifaa cha pima maji cha kupimia usawa kikiwa kimewekwa juu ya kaunta. Vifaa vinunuliwe na ndugu mmoja na stakabadhi zipigwe picha. Kazi ilipwe na mwingine. Bakiza asilimia 10 mpaka jiko litumike mwezi mzima.

Tunaishi kwenye flati ya zamani. Naweza kuhamisha sinki?

Umbali mfupi tu. Bomba wima la majitaka ni la wote, na kila mita unayosogea mbali nalo inahitaji mteremko ambao unene wa sakafu hauna. Usitoboe slabu. Usiunganishe sinki na bomba la maji ya mvua barazani. Mafuta yataishia kwa jirani wa chini.

Paa la jiko ni la mabati ya kijivu ya zamani, mazito na yanayovunjika. Kuna hatari?

Huenda ni asbesto. Likiwa zima na halijaguswa, liache. Usilitoboe, usilikate, usilisugue kwa brashi, na usitundike feni juu yake, kwa sababu vumbi lake huharibu mapafu miaka mingi baadaye. Likihitaji kuondolewa, uliza mamlaka ya mazingira (NEMC kwa Tanzania Bara, ZEMA Zanzibar au NEMA Kenya) namna ya kulitoa na kulizika.

Na rangi ya zamani ya mafuta kwenye milango na madirisha?

Inaweza kuwa na risasi. Usiisugue kwa msasa mkavu wala kuichoma kwa moto. Lowesha, tumia msasa wa maji, tandika plastiki chini, kusanya makapi yote, na wajawazito na watoto wakae mbali mpaka chumba kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Kama imeshika vizuri na haibanduki, ipakie rangi mpya juu yake.